Paka Asiye na Ugonjwa

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba, mikopo ya elimu ya juu na mwenendo wa watumishi wa umma, nami mwenyewe nikiwa mmoja wao. Leo naandika juu ya paka. Wapo watakaosema Mwalimu ameishiwa. Wapo watakaotafuta fumbo, wakadhani paka ni chama fulani na panya ni wapiga kura. La hasha. Ni paka wa kweli, jike, wa kijivu mwenye milia myeusi, uzito wake kilo tatu na robo akiwa mzima na kilo mbili na nusu akiugua. Huu ni mwaka wa nne anaishi kwangu, na katika muda wote huo hakuna aliyeweza kuniambia anaumwa nini.

Tulimpata mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mtaro ulio nyuma ya jengo la ofisi zetu, jijini Dar es Salaam, ulikuwa umeziba kwa chupa za plastiki, maji yakafurika, na katika maji hayo alikuwamo mtoto wa paka wa wiki saba au nane hivi. Mlinzi wa zamu alimwopoa kwa mpini wa fagio, akamlaza juu ya gunia, kisha akaniuliza kama nina mpango naye. Nilimbeba katika boksi la karatasi za kudurufia. Binti yangu, aliyekuwa darasa la nne, akampa jina la Masika kabla sijafunga geti, na mwenye watoto anajua kwamba kiumbe kikishapewa jina hakirudishwi kilikotoka.

Kesho yake alipelekwa kwa daktari, akapewa dawa ya minyoo, akapangiwa tarehe ya kuchanjwa kichaa cha mbwa. Hapa niseme jambo moja kwa ajili ya wasomaji wenye huruma ya kuokota wanyama: ugonjwa huo, licha ya jina lake, humpata paka pia, na humfikia binadamu kwa kung'atwa. Akikung'ata mnyama usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya raha. Alinenepa, alikamata mijusi, alilala juu ya insha za wanafunzi nilizopaswa kusahihisha. Kisha siku moja ya Julai akakataa chakula. Masikio yalikuwa ya moto, mguu wa mbele wa kulia hakuukanyagia, jicho la kushoto lilichuruzika. Daktari akampima na kukuta nyuzi 40.4, ilhali joto la kawaida la paka huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na ushei. Akachomwa sindano. Siku ya tano akaamka mzima, akadai dagaa kwa sauti, nasi tukashukuru. Wiki tatu baadaye hali ikarudi, safari hii kwa mguu wa nyuma. Ikapoa, ikarudi. Tangu hapo maisha yake yamekuwa ya vipindi: wiki tatu au tano za uzima, kisha siku nne mpaka sita za homa, kuchechemea na kujificha chini ya kabati.

Tulipima kila kilichopimika. Tulitafuta vijidudu vinavyoshambulia chembe nyekundu za damu. Tukatafuta virusi vinavyodhoofisha kinga, ambavyo watu huviita UKIMWI wa paka ingawa haviambukizi binadamu. Tukatafuta virusi vya saratani ya damu, toksoplasma na minyoo ya kila aina. Akapigwa eksirei ya miguu na kifua, akafanyiwa altrasaundi ya tumbo. Mwishowe nilimpeleka Morogoro, karibu kilomita 190, akiwa ndani ya kikapu cha ukindu. Alilia kuanzia Kibaha mpaka Chalinze, kisha akanyamaza kama mtu aliyekata rufaa akashindwa. Nilikwenda huko kwa sababu ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho tangu 1984 kimekuwa kitovu cha kuwafunza madaktari wa mifugo wa nchi hii, na niliambiwa kwamba mjini humo nitampata mtaalamu mwenye uzoefu wa wanyama wadogo.

Angalieni neno lenyewe: daktari wa mifugo. Lugha yetu imemfunga tabibu huyu kwenye mali. Mfugo ni kile unachofuga ili ukikamue, ukichinje, ukiuze au kikulimie. Afisa mifugo wa kata anajua homa ya mapafu ya ng'ombe na mdondo wa kuku, na ni haki ajue, kwa kuwa humo ndimo yalimo maziwa ya watoto na ada za shule. Silalamiki. Nasema tu kwamba ukibeba paka kwenye kikapu na kuingia katika huduma iliyojengwa kwa ajili ya ng'ombe, unajikuta unajieleza kabla hujaulizwa.

Majibu ya vipimo yalirudi yote yakiwa na neno moja: kawaida. Kwa mujibu wa maabara nina paka asiye na ugonjwa. Kwa mujibu wa paka, mambo ni tofauti.

Daktari wake wa hapa Dar es Salaam ni binti wa miaka thelathini na kitu. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, akazipanga zile karatasi mezani kama mtu anayepanga karata, akazitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, sijui. Nimesoma nilivyoweza kusoma, nimewauliza walionifundisha. Kwamba anaumwa nina hakika. Anaumwa nini, sijui. Ila hatutasubiri tujue ndipo tumtibu."

Nimekaa mbele ya meza nyingi za madaktari, zangu na za wazazi wangu, na sikumbuki kulisikia neno "sijui" likitamkwa kwa unyofu namna ile. Nasi walimu wa vyuo vikuu tusijitoe, kwa maana wenzangu wengi wako radhi kutunga jibu la dakika ishirini kuliko kulitamka mbele ya darasa la mwaka wa kwanza.

Tunajuana. Ukiingia kituo cha afya na homa isiyoeleweka, hutoki bila jina. Utapewa malaria. Kipimo kikikataa, utapewa taifodi, tena kwa kipimo kile cha Widal kinachoangalia kingamwili zilizomo damuni, ambazo zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani au hata ya vimelea vingine. Taifodi ikikataa ipo UTI, na UTI ikirudi mara ya tatu inapandishwa cheo na kuwa UTI sugu. Vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea nchini ndipo wengi walipogundua kwamba homa walizozimezea dawa za malaria miaka nenda miaka rudi hazikuwa malaria. Simtupii lawama tabibu peke yake. Foleni imefika getini, na mgonjwa mwenyewe amekuja kununua jina. Akiambiwa "sijui" atasema daktari huyu hajasoma, ataenda duka la dawa la jirani, na muuzaji atampa jina pamoja na vidonge.

Jina la ugonjwa si kitu kidogo. Ndilo linalofungua kabati la dawa, fomu ya bima, ruhusa ya kazini, huruma ya shangazi. Anayeugua bila jina hubaki na nafasi tatu tu katika jamii yetu: ni mvivu, ana mawazo, au amerogwa. Paka hakuhitaji lolote kati ya hayo, na pengine ndiyo maana kwake niliweza kuona kitu ambacho kwa binadamu hufunikwa na maneno: kwamba maumivu yana historia, kiwango na mpangilio wake hata pale chanzo chake kinapokuwa gizani.

Ugumu ni kwamba paka ni stadi wa kuficha. Ni mwindaji mdogo anayewindwa na wakubwa, na mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu analiwa. Hata ule mngurumo wa kifuani tunaoudhani ni furaha, paka huutoa pia akiwa na maumivu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo kinachosoma maumivu ya paka usoni. Unatazama mambo matano: masikio yamegeukaje, macho yamefumbwa kiasi gani, pua na mdomo vimekazana vipi, masharubu yamenyooka au yamelegea, kichwa kiko juu au chini ya mabega. Kila kimoja unakipa alama kuanzia 0 hadi 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, paka huyo anastahili kufikiriwa dawa ya maumivu. Nilipofundishwa kukitumia nilistaajabu kwa jambo moja: hakuna mahali pa kuandika jina la ugonjwa. Kipimo hakiulizi kwa nini anaumwa. Kinauliza kiasi gani.

Daktari akaniagiza ninunue kaunta buku. Nikaligawa safu: tarehe, joto, uzito, alichokula, mguu unaochechemea, choo, alama za uso, na safu ya mwisho ya mengineyo. Uzito naupata kwa kusimama na paka juu ya mizani ya bafuni kisha kujitoa mimi, hesabu ambayo imenilazimu kujua uzito wangu kuliko nilivyotaka. Joto hupimwa kwa njia ya nyuma, kipimajoto kikiwa kimepakwa mafuta, mgonjwa akiwa amefungwa ndani ya khanga mpaka shingoni. Mke wangu ndiye mshika khanga. Majina tuliyokwisha kuitwa na Masika kwa lugha yake, ninashukuru kwamba hayana tafsiri.

Baada ya miezi kumi na minne daftari lilianza kusema. Vipindi havikufuata mvua, wala chakula, wala kelele za jirani anayejenga. Lakini karibu kila mara, siku moja kabla ya homa, paka aliacha kuruka dirishani na kulala sakafuni karibu na friji. Tukiiona dalili hiyo mapema, tukampa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, kwa matone yanayohesabiwa kwa uzito wa siku hiyo, kipindi cha siku sita huwa cha siku tatu. Huo si uponyaji. Ni siku tatu za mnyama mmoja kutokuwa chini ya kabati. Mara mbili kwa mwaka hupimwa figo, kwa sababu dawa hiyo ikitumiwa ovyo huziumiza.

Nawasihi wasomaji wasimpe paka panado. Nasema hivyo kwa kuwa jirani yangu mwema alitaka kunisaidia kwa kidonge alichokitoa mfukoni. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha paracetamol kama la kwetu. Sumu yake huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya tope, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua.

Suala la chakula lilinipa mtihani wa aina nyingine. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na katika malezi yangu ya Muheza methali hiyo ilitekelezwa kwa kijiko. Paka aulizwe. Ukimlazimisha chakula akiwa na kichefuchefu, atakichukia chakula hicho hata akipona. Ukimwacha asile siku kadhaa, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulisonga, na hapo ugonjwa wa pili huzidi wa kwanza. Kati ya kulazimisha na kuacha kuna njia nyembamba: mchuzi wa samaki uliopashwa moto kidogo ili unukie, kijiko cha chai kwa wakati, mahali penye kiza, bila watu wengi. Binti yangu ndiye bingwa wake. Hukaa sakafuni akisoma kitabu cha sayansi kwa sauti ya chini, sahani ikiwa kando yake, bila kumtazama mgonjwa. Baada ya nusu saa husikika ulimi.

Neno la kitaalamu la hali kama hii limetoka Kiyunani, na maana yake ya asili ni kama kusema "mateso ya pekee yake". Madaktari hulitumia pale chanzo kisipojulikana. Wengi huliona kama ukuta. Mimi, kwa kazi yangu ya kusoma historia ya taasisi, naliona kama tarehe: halijulikani mpaka leo.

Chukueni mfano wa paka hao hao. Kwa miaka mingi paka wa mijini waliokula vyakula vya viwandani walikufa kwa ugonjwa wa moyo uliotanuka na kulegea, na vitabu viliandika kwamba chanzo hakijulikani. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, Marekani, walionyesha kwamba paka hao walikosa taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kiasi kinachomtosha. Viwanda viliongeza taurini, na ugonjwa ule ukapungua mno. Wale waliokufa kabla ya 1987 hawakuwa na ugonjwa wa ajabu. Walikuwa na njaa ya kitu kimoja.

Mfano wa pili unanigusa karibu zaidi. Mama yangu aliumwa tumbo kwa miaka kumi na mmoja. Kila alipokwenda aliambiwa ni vidonda vya tumbo, apunguze pilipili, apunguze mawazo. Alipunguza pilipili. Mawazo hakuweza, kwani alikuwa mjane mwenye watoto watano na shamba la michungwa ambalo bei yake hupangwa na madalali. Wakati huo wote elimu ilikuwepo. Robin Warren na Barry Marshall, madaktari wa Perth, Australia, walikuwa wamekwisha kuonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori; Marshall alifikia hatua ya kuwanywa bakteria hao mwaka 1984 ili aaminiwe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 2009 tabibu mmoja kijana alimpima mama yangu, akamwandikia dawa za wiki mbili. Tumbo likaacha. Mawazo anaendelea nayo mpaka leo.

Nimemweleza Mama habari za paka kwa simu. Nilidhani atacheka. Akanikumbusha, kama alivyotusimulia tukiwa wadogo, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa na Mungu kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kisha akauliza, "Na usiku analala?" Katika miaka yake kumi na mmoja ya kuumwa, hilo ndilo swali ambalo hakuna tabibu aliyemuuliza yeye.

Mfano wa tatu uko katika mkoa ule ule nilikompeleka Masika, na ningependa kila mwanafunzi wa utawala wa umma aujue. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall alikuta watu wengi wenye kifafa, wakiogopwa na kutengwa kwa kudhaniwa kwamba kinaambukiza, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia motoni. Aliwaona pia watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia. Kwa nini kifafa kilikuwa kingi kiasi kile mahali pamoja, hakujua. Alianzisha kliniki, akawapa dawa za kuzuia degedege, akaandika kumbukumbu za kila mgonjwa. Watu waliokuwa wakikaa pembezoni wakarudi kulima. Ule ugonjwa wa kutikisa vichwa umekuja kuchunguzwa baadaye Uganda na Sudan Kusini pia. Leo ushahidi mwingi unauhusisha na minyoo ya usubi, ingawa namna unavyotokea bado inajadiliwa. Yamepita miaka zaidi ya sitini. Wagonjwa wa Mahenge wangengoja mjadala huo uishe, nani angebaki wa kutibiwa?

Sasa niwajibu rafiki zangu, maana najua swali lenu. Nimeulizwa kantini, nimeulizwa kwenye harusi. "Dokta, hizo fedha si ungemsomesha yatima?" Lipo jibu la haraka, kwamba wanaouliza hivyo sijawasikia wakilisimamisha shangingi la ofisi linalonguruma kivulini na kiyoyozi chake saa nzima ili wakadirie ni yatima wangapi wamo ndani ya tangi. Lakini jibu hilo ni la kantini. Swali lina uzito na nimelifikiria. Katika nchi ambayo mama mjamzito huambiwa aje na glovu zake, kumlipia paka altrasaundi ni jambo linalohitaji kujieleza.

Ninachoweza kusema ni hiki. Wajibu haugawanywi kama posho, kwamba ukimpa huyu umemnyima yule. Aghalabu unatokana na ukaribu: ulimwokota, ukamfungia geti, ukamwondolea uwezo wa kujitafutia, basi ni wako. Paka wa nyumba haingwi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 nayo inamtwika mwenye mnyama jukumu la kumtunza, na haikuandika "isipokuwa akiwa ghali." Hata hivyo tumejiwekea ukomo nyumbani. Tumekubaliana kiasi cha fedha kwa mwaka, na tumekubaliana na daktari kwamba alama za uso zikikaa juu ya 4 kwa wiki mbili mfululizo bila dawa kuzishusha, tutazungumza juu ya kumpumzisha. Binti yangu alikuwepo katika kikao hicho. Alipiga kura ya kukubali, akaomba iandikwe kwamba alilia.

Nisingeyaandika haya yote hadharani kama isingekuwa fomu moja.

Chuo ninachofundisha, kama vyuo vingi, kina fomu ya kuahirisha mitihani kwa sababu ya ugonjwa. Ndani yake kuna kisanduku kilichoandikwa "Jina la ugonjwa", na chini yake maelezo kwamba fomu isiyojazwa kikamilifu haitapokelewa. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, ambaye ameniruhusu niyaseme haya bila kumtambulisha, ana homa zinazokuja na kuondoka na maumivu ya viungo tangu mwaka wa kwanza. Amepima katika hospitali tatu. Majibu yake nimeyaona: kawaida, kawaida, kawaida. Daktari wake, mtu mwadilifu, alijaza kisanduku hivi: "Homa za kujirudia na maumivu ya viungo, chanzo kinachunguzwa." Fomu ilirudishwa. Aliyeirudisha aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba hizo ni dalili, si ugonjwa. Ikapelekwa tena, ikarudi tena. Rafiki zake wamemshauri aende kwenye kliniki moja ya uchochoroni ambako kwa shilingi elfu ishirini utaandikiwa taifodi, na fomu itapita siku hiyo hiyo.

Tutazame tunachokifanya. Tunamfundisha kijana wa miaka ishirini na tatu kwamba ukweli wa daktari wake hauna thamani mbele ya uongo wenye jina. Kesho atakuwa afisa utumishi, atakaa upande wa pili wa meza, na atakuwa na kalamu nyekundu.

Nimeandika waraka wa ukurasa mmoja kwa kamati inayohusika. Nimeeleza kwamba homa ya chanzo kisichojulikana ni hali inayotambulika katika tiba ya binadamu, na imekuwa na vigezo rasmi tangu 1961, pale madaktari wa Kimarekani Petersdorf na Beeson walipoviweka: joto kupita nyuzi 38.3 mara kadhaa, kwa zaidi ya wiki tatu, na chanzo kisipatikane baada ya wiki nzima ya uchunguzi hospitalini. Nimependekeza kisanduku kiondolewe na mahali pake pawe na maswali mawili kwa daktari: je, mwanafunzi huyu anaumwa, na je, hali yake inamruhusu kufanya mtihani kwa tarehe iliyopangwa. Paka sikumtaja. Mwenzangu mmoja ndani ya kamati ameniambia pembeni kwamba tukilegeza hapo kila mvivu atapata mwanya. Nikamwambia mvivu mwenye elfu ishirini ana mwanya tayari.

Mwanafunzi naye ameanza kuweka daftari. Nilimchorea safu, akaongeza moja ya saa alizolala. Daktari wake amelipokea vizuri na amempangia vipimo vipya kwa kufuata tarehe zilizomo.

Kamati inakaa Alhamisi ya pili ya mwezi ujao. Mitihani inaanza Jumatatu inayofuata, na mpaka sasa jina lake lingali katika orodha ya watakaofanya.